Maswali na majibu: Deming, shanga nyekundu na hesabu ya daladala

Juma lililopita mama mmoja wa Buguruni aliniuliza kama amfukuze kijana wake wa dukani kwa sababu mauzo yameshuka. Nilimjibu asubiri kwanza, nikataja kwamba Mmarekani mmoja, W. Edwards Deming, alitumia maisha yake kueleza kuwa makosa mengi ya kazini yanatoka kwenye mfumo, na mfumo ni mali ya bosi. Sentensi hiyo moja imeniletea ujumbe mwingi kuliko makala nzima nilizowahi kuandika. Wengine wameshukuru, wengine wamekasirika kwelikweli. Leo maswali mengine yote nayaweka kando, tubaki na mzee huyu.

Mwalimu, huyo Deming ni nani hasa, na kwa nini sisi wa Dar tumsikilize? (Msomaji, Sinza)

Simama dakika kumi pale Mwenge uhesabu magari yanayopita. IST, Noah, Hiace, Coaster, Probox. Mengi yameshatembea Japani miaka na miaka kabla ya kushuka bandarini kwetu, na bado kila asubuhi yanawaka. Lakini waulize wazee waliokuwa wakinunua bidhaa miaka ya 1950: kitu cha Japani maana yake kilikuwa kitu cha bei ndogo kinachovunjika upesi. Kati ya nyakati hizo mbili kulifanyika kazi kubwa. Walioifanya ni Wajapani wenyewe, na Deming alikuwa mmoja wa walimu wao.

Alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1900 huko Sioux City, jimbo la Iowa, akakulia Wyoming katika familia isiyo na kitu. Alisomea uhandisi wa umeme, kisha mwaka 1928 akapata shahada ya uzamivu ya fizikia ya hisabati katika Chuo Kikuu cha Yale. Kazi yake ya kwanza ya muda mrefu ilikuwa ya serikali, katika Wizara ya Kilimo mjini Washington. Huko ndiko alikofahamiana na Walter Shewhart, mtaalamu wa maabara za kampuni ya simu ya Bell, ambaye mwaka 1924 alikuwa amechora chati ya kwanza ya kufuatilia ubora kiwandani. Deming hakuchoka kusema kwamba msingi wa mafundisho yake ni Shewhart. Mimi nampendea hapo: mtu aliyepata sifa dunia nzima, na bado kila alipopanda jukwaani alimtaja mwalimu wake.

Mwaka 1947 alipelekwa Japani kusaidia maandalizi ya sensa. Nchi ilikuwa magofu. Mwaka 1950 Umoja wa Wanasayansi na Wahandisi wa Japani ukamwalika arudi kufundisha takwimu za ubora. Alikubali, lakini akawa na ombi la busara: hakutaka kuzungumza na mafundi peke yao, alitaka pia wenye viwanda. Alishaona Marekani wakati wa vita jinsi wahandisi walivyofundishwa mbinu hizo, vita vikaisha, wakubwa wasiozielewa wakaziacha zife. Julai 1950 wakuu wa viwanda wakakaa, wakamsikiliza. Malipo ya maandishi ya mihadhara yake alikataa kuyachukua, na kwa fedha hizo Wajapani wakaanzisha Tuzo ya Deming mwaka 1951. Toyota waliipata mwaka 1965.

Kwao Marekani hakuna aliyemjali sana mpaka tarehe 24 Juni 1980, televisheni ya NBC iliporusha kipindi kilichouliza kwa nini Japani inaweza na Marekani haiwezi. Alikuwa na miaka 79. Baada ya hapo simu yake haikupumzika. Ford walikuwa miongoni mwa waliomwita. Aliendelea kuendesha semina za siku nne hadi mwezi aliofariki, Desemba 1993.

Habari kaka. Nina mafundi sita wa kushona sare za shule. Kila mwezi nahesabu sare zilizorudishwa na wateja, wa kwanza nampa zawadi, wa mwisho namkata malipo. Umeandika kana kwamba nafanya vibaya. Kosa langu liko wapi? (Mwenye ofisi ya ushonaji, Kariakoo)

Nzuri, kaka. Nitakujibu kwa shanga, maana Deming mwenyewe alijibu hivyo.

Katika semina zake alikuwa na sanduku lenye shanga karibu 4,000, nyeupe 3,200 na nyekundu 800. Aliita watu sita kutoka miongoni mwa wasikilizaji, akawaambia wao ni wafanyakazi wa kiwanda cha kutengeneza shanga nyeupe. Kifaa cha kazi kilikuwa kibao chenye matundu 50. Kila mmoja anachovya kibao ndani ya sanduku, anakitoa kimejaa shanga 50, wakaguzi wanahesabu nyekundu ngapi zimeingia. Nyekundu ni kasoro, mteja haitaki.

Deming alijifanya bosi. Aliyetoa nyekundu 6 akapongezwa mbele ya wote. Aliyetoa 14 akakaripiwa: “Mwenzako ameweza, wewe una nini?” Siku ya pili aliyepongezwa anatoa 12, bosi anasikitika kwamba sifa zimemlevya. Aliyekaripiwa anatoa 8, bosi anafurahi kwamba ukali umesaidia. Mwishoni watatu wenye matokeo mabaya wanafukuzwa, watatu bora wanabaki kufanya zamu mbili, na nyekundu zinaendelea kutoka vilevile.

Ukumbi ulikuwa unacheka. Kisha kicheko kinakatika, kwa sababu kila mtu anawakumbuka watu wake kazini.

Piga hesabu ndogo. Shanga moja katika kila tano ni nyekundu, kwa hiyo katika 50 utegemee kama 10. Kwa kanuni za takwimu, mtu anaweza kutoa 2 leo na 18 kesho bila kubadili chochote, bila uvivu wala bidii. Ni sanduku tu linajibu. Bosi anayetoa zawadi kwa 6 na adhabu kwa 14 anagawa bahati nasibu na kuiita haki. Mwenye uwezo wa kupunguza nyekundu ni mtu mmoja peke yake: anayenunua shanga.

Sasa rudi ofisini kwako. Kitambaa unakinunua wewe. Uzi unauchagua wewe. Anayechukua vipimo vya watoto shuleni ni kijana wako mmoja, na akikosea kiuno, fundi yeyote atakayepewa kipande hicho atarudishiwa sare. Nani anapewa suruali zenye zipu na nani anapewa sketi za mshono mmoja? Cherehani ipi ina sindano inayoruka? Mwezi Desemba na Januari, wazazi wakimiminika, nani anashona mpaka saa nne usiku chini ya taa moja?

Nina sababu ya kusema haya kwa uchungu. Zamani nilikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda kimoja cha nguo hapa mjini. Niliagizwa nitundike ubao wenye majina na idadi ya kasoro za kila mshonaji, nami nikautundika kwa fahari. Dada mmoja aliyekaa mashine ya mwisho upande wa dirisha alikuwa juu ya orodha ya kasoro wiki hadi wiki. Akaonywa mara mbili, akaondolewa. Aliyewekwa pale baada yake alikuwa mzuri kuliko wote, na ndani ya wiki mbili naye akawa juu ya orodha. Ndipo fundi mitambo akaifungua mashine ile na kukuta shafti imechakaa. Dada yule alikuwa ametuambia tangu mwezi wa kwanza kwamba mashine inavuta kitambaa. Nilidhani anatafuta kisingizio. Alikuwa na watoto wawili.

Kwa hiyo acha kwanza ile zawadi na ile adhabu. Zikusanye sare zilizorudi uzipange kwa aina ya kasoro: vipimo, rangi kuchuja, mshono kufumuka, zipu. Rundo kubwa litakuonyesha pa kuanzia. Na mafundi wako sita uwaulize wote pamoja, siyo mmoja mmoja nyuma ya pazia.

Unawatetea wavivu. Mimi nimeibiwa na wafanyakazi watatu. Nao ni “mfumo”? (Msomaji aliyekasirika, Mbezi Beach)

Pole sana. Mwizi ni mwizi, na Deming hakusema vinginevyo. Katika kitabu chake Out of the Crisis cha 1986 alikadiria, kwa uzoefu wake, kwamba matatizo kama 94 kati ya 100 yanatokana na mfumo na 6 ni ya sababu za pekee. Hizo sita zipo. Mtu anaweza kuwa mwizi, mlevi, au hajui kazi kabisa. Ila ukiibiwa na watatu kwa zamu, ningeanza kuangalia nani anashika funguo, stoo inahesabiwa lini, na fedha za mauzo zinalala wapi usiku.

Nina Hiace inapiga ruti kutoka Mbezi. Dereva ananiletea hesabu ya 80,000 kwa siku bila kukosa, lakini kila mwezi gari liko gereji: breki, klachi, springi. Nimebadilisha madereva wanne. Huyo mzee wako angesemaje? (Tajiri wa daladala)

Angekuuliza swali alilopenda kuliko yote: kwa njia gani? Umempa dereva namba. Njia ya kuifikia hiyo namba umemwachia yeye, barabarani, kati ya foleni, mvua, trafiki na abiria.

Katika nukta zake 14 za uongozi, ya kumi na moja inataka viwango vya lazima vya kila siku viondolewe. Aliona kwamba namba ya lazima huifikia mtu kwa gharama yoyote, na gharama hiyo haiandikwi popote kwa sababu bosi hakuiuliza. Kwako wewe imeandikwa gereji. Siku ya jua na mishahara dereva anapata zaidi ya 80,000 mapema, anabaki anatafuta yake, kwa hiyo mguu hautoki kwenye mafuta. Siku ya mvua anaona saa kumi jioni bado ana 45,000. Hapo ndipo anapokatisha ruti, anapanda tuta bila kupunguza mwendo, anajaza watu mpaka mlango haufungi, anaahirisha kuongeza oili. Na akichoka anampa deiwaka, dereva wa kushikiza, ambaye hajui hata kwamba breki ina sauti.

Umebadilisha madereva wanne na gari linaharibika vilevile. Zile ni shanga zako, tajiri.

Najua utaniambia mji mzima unaendeshwa kwa hesabu, na ni kweli. Deiwaka, konda, dereva na wewe mmeikuta. Lakini gari ni lako, unaweza kulijaribia. Kwa siku 30 mwombe dereva na konda waandike mapato halisi ya kila tripu, na uwaahidi kwamba hesabu haitapanda kwa sababu ya daftari hilo. Ahadi hiyo uitunze, maana ukiivunja mara moja hutaona tena namba ya kweli. Baada ya hapo kaeni mgawane kwa asilimia ya mapato badala ya kiwango kisichobadilika, na sevisi ya gari uilipe wewe kwa tarehe, gari liwe limelalamika au halijalalamika. Jumlisha pia ulichoacha gereji mwaka mzima ukigawe kwa siku za kazi. Huenda 80,000 yako haijawahi kuwa 80,000.

Kaizen ni ya Deming? (Msomaji, Kigamboni)

Hapana. Kaizen, yaani kuboresha kazi kidogo kidogo bila kukoma, ni ya Wajapani, na mfumo wa uzalishaji wa Toyota ulijengwa na watu wao, Taiichi Ohno akiwa mbele. Hata ile 5S, njia ya kupanga mahali pa kazi ambayo umeiona ukutani hospitalini, iliyofanywa kwa Kiswahili Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia, haikutoka kwake. Alichowapa ni takwimu, na imani kwamba ubora unaanzia juu.

Shikamoo mwalimu. Nina mgahawa mdogo Ilala, wali na maharage, wali na samaki. Mchele nanunua kwa yeyote mwenye bei ndogo siku hiyo. Wateja wanalalamika, leo wali mzuri, kesho bokoboko. Nimemsema mpishi wangu mpaka analia. (Mama lishe)

Marahaba, mama. Kamwombe radhi leo, kabla hujasoma zaidi.

Mchele wa juzi ulikuwa mpya, unataka maji kidogo. Wa leo ni wa zamani, unakunywa maji. Wa kesho utakuwa umechanganywa na chenga. Mpishi anapima kwa mkono uliozoea, na kila siku unambadilishia mchele chini ya mkono huo. Hakuna mpishi duniani atakayekupa wali wa namna moja hivyo.

Nukta ya nne ya Deming inahusu jambo hili hasa: usinunue kwa kuangalia bei peke yake, tafuta muuzaji mmoja kwa kila kitu muhimu, ujenge naye uaminifu wa muda mrefu. Sisi tunasema rahisi ghali. Yeye aliitaka hiyo ghali ihesabiwe: sahani iliyorudi, mkaa wa kupika upya, nusu saa ya kuchambua mawe, fundi wa gereji aliyekula kwako kila siku na sasa anakula ng’ambo ya barabara. Nenda kwa muuzaji mmoja unayemwamini, mwambie unachukua gunia kila wiki mwaka mzima, na unachotaka kwake ni mchele uleule. Atakushangaa kidogo, maana wengi humwendea na kauli moja tu, “punguza.”

Nafanya kazi kiwanda cha plastiki. Chupa zikitoka na kasoro nakatwa mshahara, wakati joto la mashine linawekwa na fundi mwingine. Nikisema naambiwa milango iko wazi. Nifanyeje? (Mfanyakazi, Vingunguti)

Hili limeniuma, mdogo wangu. Nukta ya nane ya Deming ni kufukuza hofu kazini. Si kwa huruma tu. Mtu mwenye hofu huficha, na bosi aliyefichwa mambo anaongoza kiwanda asichokijua. Wewe unajua kwamba joto ndilo tatizo. Taarifa hiyo ina thamani ya fedha nyingi, na mwajiri wako anakutoza faini kwa kuwa nayo.

Kuhusu makato, Deming hakusaidii, sheria inakusaidia. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mwajiri hawezi kukukata kwa hasara mpaka uwe umekubali kwa maandishi, hasara iwe imetokana na kosa lako, uwe umeelezwa kwa maandishi sababu na kiasi, na upewe nafasi ya kupinga. Hata hapo makato hayavuki robo ya mshahara wako wa fedha taslimu. Usisaini karatasi usiyoielewa. Andika tarehe, saa, zamu, joto lililosomeka na idadi ya chupa mbovu. Kama mna tawi la chama cha wafanyakazi, anzia hapo. Likishindikana, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Shikamoo. Mhadhiri wetu anasema Deming ndiye aliyesema usichoweza kukipima huwezi kukisimamia. Nimenukuu kwenye tasnifu. (Mwanafunzi wa biashara, mwaka wa tatu)

Marahaba mwanangu. Ifute kabla hujakabidhi. Deming aliandika kinyume chake: aliita dhana hiyo kosa, na hadithi inayogharimu sana. Kuongoza kampuni kwa namba zinazoonekana peke yake alikuweka katika orodha ya magonjwa yanayoua kampuni. Na huyu alikuwa mtakwimu! Alipenda namba kuliko wengi wetu, ndiyo maana alijua zinaishia wapi. Mteja aliyeondoka bila kugomba, fahari ya fundi kwa kazi yake, mafunzo uliyompa kijana leo yatakayozaa baada ya miaka mitano: hivi vyote lazima uvisimamie na hutavipata kwenye leja. Mwambie mhadhiri wako kwa adabu, ukiwa na kitabu chake The New Economics mkononi.

Nina kiwanda kidogo cha mikate Tabata. Nimekuelewa, lakini nianze vipi kesho asubuhi? Sina mtaalamu wa takwimu. (Mwokaji)

Nunua daftari moja na kalamu. Kwa siku 25 andika kila siku mikate mingapi imeharibika: iliyoungua, isiyoumuka, iliyobonyea. Pembeni andika jambo lolote lisilo la kawaida, kama umeme kukatika, hamira mpya, unga wa gunia jingine. Usibadilishe kitu kwa siku hizo, hata ukitamani. Ni vigumu kuliko unavyofikiri.

Kisha tafuta wastani. Tuseme umepata mikate mibovu 16 kwa siku. Kama unaoka idadi ileile kila siku, chukua kipeuo cha pili cha 16, yaani 4, zidisha kwa 3 upate 12. Ongeza kwenye wastani utapata 28, toa utapata 4. Siku yenye mikate 9 na siku yenye mikate 22 ni ndugu, zimezaliwa na mfumo mmoja. Usigombe wala usisherehekee. Siku yenye 35 ni tofauti, angalia uliandika nini pembeni. Kosa la kawaida la sisi wenye biashara ni kuitendea ile ya 22 kana kwamba ni ya 35: tunabadilisha hamira leo, moto kesho, mtu keshokutwa, na mikate inazidi kuharibika kwa sababu ya mikono yetu.

Kama 16 kwa siku ni nyingi mno kwako, na nadhani ni nyingi, hutazipunguza kwa ukali. Kaa na waokaji wako mchague jambo moja, mfano kupima maji kwa chombo badala ya macho. Jaribuni wiki mbili, msome daftari, mlichojifunza mkishike, mjaribu jingine. Mzunguko huo wa kupanga, kufanya, kuchunguza na kutenda aliufundisha mpaka mwisho, na aliuita wa Shewhart.

Na majina ya waokaji wako yasiingie humo kabisa. Tarehe, idadi, na kilichotokea.